Akaunti za wingu zilizoachwa bila mwenyewe: mwongozo kamili wa kuzifunga au kuzilinda ukiwa Goma

Akaunti ya wingu (huduma ya kukodi kompyuta na hifadhi kupitia intaneti) uliyoacha kuitumia haijafungwa. Kadi ya benki ingali imeandikwa ndani yake, nenosiri la zamani lingali linafungua, na lolote litakalofanyika humo litabeba jina lako au la shirika lenu. Kinachokosekana ni mtu wa kuitazama tu, na wezi wa mtandaoni wanatafuta hasa akaunti za aina hiyo.

Hapa Goma ziko nyingi kupita kiasi. Mradi unaisha, kijana aliyekuwa akishughulikia kompyuta anaenda kutafuta maisha Kampala au Kinshasa, na seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, aliyoikodi kwa ajili ya fomu za utafiti inabaki ikifanya kazi. Mwanafunzi anafungua akaunti ya majaribio kwa kadi ya mjomba wake, anamaliza kazi ya chuo, anasahau. Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi wa Januari vita viliingia mjini, benki zikafunga milango, watu wakakimbia na kuacha kompyuta na simu. Miezi hiyohiyo Marekani ikakata misaada yake, na ofisi zikavunjwa kabla mtu hajamkabidhi mwenzake nenosiri. Wenye akaunti wametawanyika, akaunti ziko palepale.

Naandika kwa ajili ya yule aliyebaki na mzigo: mhazini, mratibu, mwenye duka, mwanafunzi. Si lazima uwe fundi. Unahitaji siku chache za utulivu, daftari, na intaneti isiyokatika sana.

Wanataka nini kwenye akaunti ndogo kama yangu?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake ndilo linalowatoa watu kwenye uvivu. Mwizi hatafuti siri zako. Anatafuta kompyuta zenye nguvu ambazo bili yake italipwa na mtu mwingine. Huduma ya wingu ni kukodi kompyuta na hifadhi za kampuni kubwa kupitia intaneti. Anayeingia kwenye akaunti yako anaweza kukodi mashine ghali kadiri akaunti inavyoruhusu, kwa jina lako.

Google iliwahi kuchunguza seva 50 za wateja wake zilizokuwa zimevamiwa. Ripoti yake ya Novemba 2021 ilionyesha kwamba asilimia 86 zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali (kuzalisha fedha kama Bitcoin kwa nguvu za kompyuta), na katika zaidi ya nusu ya visa programu ya kuchimba ilikuwa imeshapakuliwa ndani ya sekunde 22. Hakuna mtu anayeandika kwa kasi hiyo. Ni programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu milango. Siku hizi kuna na wizi mwingine: Mei 2024 kampuni ya usalama iitwayo Sysdig ilieleza jinsi funguo za siri zilizoibwa zinavyotumika kuendesha huduma za akili mnemba kwa gharama ya mwenye akaunti, ikakadiria kwamba hasara inaweza kupita dola 46,000 kwa siku moja. Wengine hutumia akaunti yako kutuma barua taka kwa maelfu, na jina la shirika lenu linaishia kwenye orodha za watumaji wabaya.

Wakubwa nao wameingiliwa kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2021 Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa na kulipa wadukuzi dola milioni 4.4 hivi. Waliingilia kwenye akaunti ya zamani ya kuunganishia mtandao wa kampuni, isiyotumika tena, isiyo na uthibitishaji wa hatua mbili (msimbo wa ziada unaoombwa baada ya nenosiri). Novemba 2023 ikawa zamu ya Microsoft yenyewe: akaunti ya majaribio iliyosahaulika ilivunjwa kwa kubahatisha nenosiri, na kutoka hapo wadukuzi wakafika kwenye barua pepe za viongozi wa kampuni.

Hatua ya 1: orodha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chora safu hizi: jina la huduma, barua pepe iliyoifungua, namba ya simu iliyounganishwa, kadi inayolipa, nani anaingia, mara ya mwisho alipoingia. Nenosiri lenyewe usiliandike humo.

Sasa tafuta. Fungua kila sanduku la barua pepe, la shirika na lako binafsi, uandike kwenye kisanduku cha kutafutia maneno ambayo huduma hizi hupenda kutumia. Wengi wetu tulijisajili kwa Kifaransa, kwa hiyo anza na facture, abonnement, essai gratuit, bienvenue, vérifiez votre adresse. Rudia kwa Kiingereza: invoice, free trial, welcome. Folda ya barua taka usiiruke, maana maonyo ya malipo mara nyingi huangukia huko.

Ukimaliza, fungua passwords.google.com kwa kila akaunti ya Gmail iliyowahi kutumika kwenye Chrome ya ofisi. Utakuta majina ya huduma ambazo hakuna anayezikumbuka. Angalia pia Play Store, sehemu ya malipo na abonema (huduma zinazokata pesa kila mwezi au mwaka). Kuiondoa programu kwenye simu hakuzuii abonema yake kuendelea kukata pesa. Omba taarifa za benki za mwaka mzima, upige mstari kila pesa ndogo inayojirudia.

Halafu mpigie yule aliyekuwa na funguo, hata kama mliachana vibaya. Mwambie hivi: «Ndugu yangu, hatukulaumu. Tunataka kufunga kile kilichobaki kwa jina letu sote.» Watu wengi husaidia wakiulizwa kwa namna hiyo, kwa sababu nao hawapendi jina lao libaki kwenye akaunti itakayoleta balaa.

Hatua ya 2: barua pepe na laini ya simu kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo watu wengi hukosea mpangilio. Wanafuta sanduku la barua pepe kwanza kwa kuwa ndilo linaloonekana, kisha wanagundua kwamba bila hilo hawawezi kuingia kwenye seva, hawawezi kubadili nenosiri, hawawezi hata kuiomba kampuni ifunge. Barua pepe iliyofungulia akaunti ifungwe mwisho kabisa.

Fahamu pia kwamba Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka 2. Ilianza kufanya hivyo Desemba 2023. Microsoft nayo inataka uingie angalau mara moja kila miaka 2. Google ilipotangaza hatua hiyo ilieleza kwamba akaunti zilizoachwa zina uwezekano mdogo mara 10 au zaidi wa kuwa na uthibitishaji wa hatua mbili kuliko zile zinazotumika. Kwa hiyo ingia leo, badilisha nenosiri, washa hatua mbili.

Laini ya simu ni tatizo letu kubwa hapa. Msimbo unatumwa kwa ujumbe mfupi kwenye namba iliyobaki katika simu iliyopotea njiani kuelekea Sake, au kwenye laini ya Gisenyi ambayo mtu aliinunua kwa ajili ya intaneti tu akaacha kuijaza. Namba iliyonyamaza muda mrefu hurudi kwa kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye atakayepokea msimbo wako. Basi:

Kama laini imepotea lakini imesajiliwa kwa jina lako, nenda kwenye duka la kampuni ya simu na kitambulisho ukaombe laini mpya yenye namba ileile. Fanya hivyo kabla ya kugusa akaunti. Ukishaingia, ondoa namba yoyote usiyoishika mkononi.

Badala ya ujumbe mfupi, tumia programu ya kuthibitisha kwenye simu, kama Google Authenticator au Microsoft Authenticator. Inatoa msimbo wenye tarakimu 6 hata pasipo mtandao. Kwa mji ambao mtandao na umeme hukatika pamoja, hilo ni jambo kubwa.

Chapisha misimbo mbadala, ile ya kuingilia simu ikipotea, kwenye karatasi, nakala mbili. Moja ikae kwenye bahasha ya plastiki pamoja na vyeti na hati za kiwanja, ile unayoibeba kwanza mkiambiwa mhame. Waliohama Mei 2021 baada ya Nyiragongo kulipuka wanaijua bahasha hiyo. Nyingine aishike mwenzako mnayeaminiana aliye nje ya Goma.

Kisha angalia mipangilio ya sanduku lenyewe: je, kuna sheria ya kupeleka barua kwenye anwani usiyoijua? Kuna kichujio kinachofuta barua zenye neno facture? Mwizi mwenye akili huweka hicho kwanza, ili bili isikufikie.

Hatua ya 3: chungulia kama kuna mtu ndani

Mama mhazini wa shirika moja la Himbi alinijia na kompyuta ya ofisi kwa sababu benki ilimwambia kuna malipo yanayojaribu kupita kwenye kadi na kukataliwa. Tukaingia. Ukurasa wa kwanza ulisema hakuna seva hata moja, akashusha pumzi. Juu ya ukurasa palikuwa na jina dogo la kanda, yaani eneo ziliko kompyuta zinazokodiwa: Frankfurt. Nikabofya hapo, tukaanza kupita kanda moja baada ya nyingine: Dublin, hakuna kitu, Mumbai, hakuna kitu, São Paulo, orodha ikashuka mpaka chini ya kioo. Mashine zenye majina ya herufi zisizosomeka, kila moja na alama ya kijani kwamba inafanya kazi.

«Mwanangu, hizi ziko wapi?»

«Brazili, mama.»

«Sisi tuna nani Brazili?»

Kadi ilikuwa haina kitu, kwa hiyo pesa hazikutoka. Lakini deni lilikuwa linapanda kila saa, kwa jina la shirika ambalo bado lilikuwa linaomba ufadhili.

Kwa hiyo usiishie kwenye kanda yako. Fungua kwanza ukurasa wa bili, ambao hukusanya kanda zote mahali pamoja, uone ni huduma gani zinazotozwa na wapi. Kisha fungua orodha ya watumiaji: kuna jina jipya? Kuna aliyeongezewa madaraka ya msimamizi? Tazama funguo za programu (maneno ya siri ambayo programu hutumia kuingia badala ya mtu), tarehe zilipotengenezwa na mara ya mwisho zilipotumika. Kumbuka kwamba kubadilisha nenosiri hakuzimi funguo hizo. Zinaendelea kufanya kazi mpaka uzifute moja moja. Kama fundi wenu aliwahi kuweka programu yake hadharani GitHub, tovuti ya mafundi ya kuhifadhi programu, na funguo zikiwa ndani, zihesabu kuwa zimeshaibwa.

Anwani zenu za barua pepe unaweza kuzipima kwenye haveibeenpwned.com, tovuti ya bure ya Troy Hunt inayoonyesha kama anwani imo katika data zilizovuja.

Hatua ya 4: funga au tunza

Kama katika miezi 6 ijayo hakuna kazi unayoweza kuitaja kwa jina, funga. «Huenda tukaihitaji» si kazi. Akaunti mpya hufunguliwa kwa dakika chache siku mkipata mradi.

Hatua ya 5: kufunga ipasavyo

Fuata mpangilio huu, kwa kuwa kila hatua inategemea iliyotangulia.

1. Toa data. Intaneti yetu ni ghali, basi usipakue kila kitu. Chagua hifadhidata, hati za fedha, na picha ambazo mfadhili anaweza kuzidai. Mafaili makubwa yapakue usiku, kwenye diski ya nje, kisha yafungue kuhakikisha yanasomeka kabla hujafuta ya kule.

2. Ondoa rekodi za domeni (jina la tovuti yenu, kama shirika.org) zinazoelekeza kwenye huduma unayotaka kuifuta. Nitaeleza sababu hapo chini.

3. Zima na ufute mashine, diski, nakala rudufu na anwani za intaneti zilizohifadhiwa. Seva iliyozimwa haitozwi kama inayofanya kazi, lakini diski yake inaendelea kutozwa.

4. Futa funguo za programu zote, kisha watumiaji wote isipokuwa wewe.

5. Katisha abonema za programu za watu wengine zilizonunuliwa ndani ya duka la huduma hiyo. Kwa AWS, huduma ya wingu ya Amazon, kufunga akaunti hakukatishi abonema za AWS Marketplace, na ahadi za muda mrefu kama Savings Plans huendelea kudaiwa mpaka muda wake uishe.

6. Lipa kilichobaki, ndipo ufunge. Tunza barua ya uthibitisho.

Kila kampuni ina namna yake. Akaunti ya AWS ikishafungwa hukaa siku 90 ambamo unaweza kuomba ifunguliwe tena. Baada ya hapo imekwenda, na barua pepe ile huwezi kuitumia kufungulia nyingine. Bili ya mwisho, ya siku za kabla ya kufunga, inaweza kukufikia mwezi unaofuata. Usishtuke, na usiipuuze. Google Cloud hufunga mradi mmoja mmoja, na kila mradi unasubiri siku 30 kabla ya kufutwa. Ukimaliza miradi, funga na akaunti ya malipo, maana hiyo ni kitu cha pekee. Azure, ya Microsoft, unakatisha abonema yenyewe, na data hukaa kati ya siku 30 na 90.

Wengi hapa hudhani kufunga kadi ya benki kunatosha. Hapana. Kadi ikikataa, kampuni inaandika deni na kuendelea kukudai. Mashine zinaweza kubaki zikifanya kazi hadi watakapoisimamisha akaunti.

Domeni: usiiachie mapema

Hili sehemu nyingi hazilizungumzii, na kwetu lina madhara ya moja kwa moja. Tuseme fomu.shirika.org ilielekezwa kwenye huduma fulani ya wingu. Mmefuta huduma, mmesahau rekodi ya domeni. Mtu mwingine anaweza kufungua huduma kwa jina lilelile kule, na kuanzia dakika hiyo ukurasa wake unaonekana chini ya anwani yenu. Fikiria ukurasa wa kuandikisha waliohamishwa na vita, wenye nembo yenu, unaoomba dola 5 za kuandikiwa jina kwenye orodha ya msaada, ukisambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya Kanyaruchinya. Mama atakayetuma pesa hizo kwa simu ataona anwani halisi ya shirika analolifahamu. Ndiyo maana rekodi inafutwa kwanza, huduma baadaye.

Na domeni yenyewe endeleeni kuilipia mpaka akaunti zote zilizofunguliwa kwa barua pepe zake ziwe zimefungwa. Ikiisha muda na kununuliwa na mtu mwingine, huyo anaweza kutengeneza upya anwani ya mhasibu wenu, akabofya «nimesahau nenosiri» kwenye kila huduma, na barua za kubadilisha zitamfikia yeye. Kwa maoni yangu, mwaka mmoja zaidi wa domeni baada ya shirika kufunga ni matumizi yanayostahili kuandikwa kwenye bajeti ya kufunga mradi.

Hatua ya 6: zile mnazozitunza

Washa hatua mbili kwa kila mtumiaji, si kwa msimamizi peke yake. Mtumiaji mkuu, yule wa barua pepe iliyofungua akaunti, asitumike kwa kazi za kila siku. Asiwe na funguo za programu hata moja. Wasimamizi wawe wawili, wasiosafiri pamoja na wasioishi nyumba moja. Akiondoka mmoja, jina lake liondolewe siku anayokabidhi ofisi, na mwingine aingizwe siku hiyohiyo.

Weka bajeti yenye onyo. Kwa akaunti iliyolala, dola 1 inatosha: chochote kikitozwa, barua inakuja. Ipeleke kwa watu wawili. Lakini elewa onyo hilo linafanya nini: linatoa taarifa, halizimi mashine. Tena hesabu za bili huchelewa kwa saa kadhaa. Ndiyo maana uongeze vizuizi vingine: zima kanda msizotumia pale huduma inaporuhusu, punguza ukomo wa idadi ya mashine, na usiombe kuongezewa ukomo «kwa tahadhari».

Akaunti za majaribio zinahitaji jicho la pekee. Azure huwapa wapya dola 200 za siku 30, na Google Cloud dola 300 za siku 90. Zote mbili husimama majaribio yakiisha, ila kama umekubali kuingia kwenye malipo ya kawaida. Kitufe hicho kimekaa vizuri sana kwenye ukurasa, na wengi hukibofya wakidhani wanaongeza muda wa bure. Akaunti za AWS zilizofunguliwa kabla ya tarehe 15 Julai 2025 zilikuwa na miezi 12 ya matumizi ya bure. Mwezi wa 13 seva ileile inaanza kutozwa bila kuulizwa.

Kadi iwe ya kulipia kabla, yenye pesa kidogo, na isiwe ile inayopokea fedha za wafadhili. Hiyo inalinda akiba yenu. Haifuti deni, kama nilivyosema.

Kwa akaunti zako binafsi za Google, weka Kidhibiti cha Akaunti Isiyotumika. Unachagua miezi 3, 6, 12 au 18 ya ukimya, na mtu atakayejulishwa au kupewa data ukipotea mtandaoni. Katika mji kama wetu, ambapo mtu anaweza kukaa miezi bila simu kwa sababu zisizo zake, chagua miezi mingi kidogo, na mwambie mtu huyo kwamba umemchagua.

Ukikuta wameshaingia

Usifunge akaunti papo hapo. Utafuta ushahidi na huenda ukakosa pa kuombea msamaha wa bili. Kwanza piga picha za kioo: orodha ya mashine, kanda, watumiaji wageni, ukurasa wa bili, saa zikionekana. Badilisha nenosiri la mtumiaji mkuu, ondoa kifaa cha kuthibitisha kisicho chako, uweke chako. Futa funguo zote. Futa watumiaji usiowajua. Ndipo uzime mashine, kanda kwa kanda, na urudi baada ya saa moja kuangalia kama zimefufuka. Zikifufuka, kuna ufunguo au mtumiaji uliyemruka.

Kisha iandikie kampuni kupitia kitengo cha msaada ndani ya akaunti, siku hiyohiyo. Masuala ya bili hupokelewa hata kama hamlipii msaada wa kiufundi. Eleza kwa ufupi: akaunti ilikuwa haitumiki tangu lini, uligundua lini, umefanya nini kwa mpangilio gani, na unaomba matozo ya tarehe hizo yachunguzwe. Kampuni hizi huweza kusamehe deni la namna hiyo, hasa zikiona umefuata maagizo yao yote na kuweka hatua mbili, ila hazilazimiki. Wakikupa orodha ya mambo ya kutimiza, yatimize yote kisha ujibu kwenye barua ileile bila kufungua malalamiko mapya, ukiweka picha zako na namba ya kesi. Benki nayo ijulishwe kwa maandishi, na nakala iwekwe kwenye faili la fedha la mwezi huo, ambako mkaguzi wa hesabu ataikuta.